Inchi Mbili kwa Gari Lako

Baba Kulwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuongea na wewe bila kukuamkia. Niliishia darasa la tano, mwandiko wangu unaujua.

Gari lako bado linakwenda. Asubuhi natoka Katoro na mama ntilie na masufuria yao kwenda machimboni, jioni narudi na mifuko ya mawe ya dhahabu. Ila springi zilichoka. Mvua zimeichimba barabara mpaka tumbo la gari likawa linakwaruza chini. Mama Kulwa akaniambia nichague springi mwenyewe, maana mimi ndiye ninayelijua. Gari hili ndilo linalomlisha yeye na mapacha wako. Nikikosea, nimewakosea wao.

Fundi alilipima, akasema tulinyanyue inchi nne. Akanionyesha gari la mteja, la aina hiyohiyo, lililonyanyuliwa hivyo. Kusema kweli nililitamani. Nilijiona napita Katoro vijana wananiita bosi. Mimi, mtu wa Newala, ambaye huku hakuna anayejua hata jina la mama yangu. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukiniuliza habari zake.

Kisha Mama Kulwa akaja gereji, akajaribu kupanda lile la mteja. Unalijua goti lake. Alishika mlango, akainua mguu, akaushusha. Akainua tena. Mwisho akasema, "Mayu wee, hili mtanipandisha kwa winchi." Mafundi wakacheka. Mimi niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimesahau maneno yako: "Gari la kazi halipimwi tupu." Ulikuwa unapakia kwanza mzigo wa kila siku, watu wanakaa, ndipo unaingiza kiganja kati ya ekseli na raba ya chesisi kuona nafasi iliyobaki. Fundi alikuwa amelipima tupu na mimi nikanyamaza.

Nikapakia mifuko yote. Nikawaomba mafundi wakae nyuma, wawe mama ntilie. Bado halikulala chini nilivyozoea. Nikajua kinachopungua. Tangu mgongo ulipokukataza usukani ulikuwa unakaa kushoto, unanielekeza, unanitania kwamba naendesha kama nachunga bata. Nikachukua mfuko wa mchanga, nikauweka kwenye kiti chako.

Fundi akauliza, "Hapo anakaa nani?"

Nikamwambia apime upya hivyohivyo, na inchi mbili zikatosha.

Tumefunga inchi mbili, springi ngumu za kubeba, na shokapu za kimo hicho. Halikwaruzi tena, na likiingia korongoni na mzigo haliyumbi. Hakuna aliyeniita bosi.

Mchanga niliumwaga palepale gereji. Kiti chako ni kitupu. Mama ntilie hawakikalii, wanasema kina mwenyewe, wanabanana nyuma. Kwa hiyo mbele niko peke yangu njia nzima. Wakati mwingine nageuka kushoto kukuuliza nipite upande gani wa dimbwi.

Jana Mama Kulwa alijaribu. Alipanda mwenyewe, hakushikwa mkono, akakaa pale pako. Jumapili namleta Nyasubi, kwenye kaburi lako.

Nakuahidi hivi: maadamu usukani uko mikononi mwangu, hakuna atakayelinyanyua gari hili kupita goti la Mama Kulwa. Pumzika, mzee wangu. Springi ni mpya lakini mlio wa injini ni uleule. Tukifika utatujua.

Dereva wako,
Saidi