Pikipiki Iliyopakwa Mafuta

Goma, Mabanga, baada ya Paska

Mama yangu muzuri,

Amani ya Bwana Yesu ikae nawe, na jiko lako, na ule mugongo wako. Mugongo unaamukaje? Kikohozi kimeisha, ama kimejificha tu kinangoja baridi? Sisi huku tunapumua. Baba Neema, bwana yangu, anaenda kazini kama kawaida, watoto wanakula, Mungu hajatusahau. Kambale mudogo wangu, wewe ndiye utamusomea mama barua hii. Soma polepole, na usiruke mahali unapoona haya. Nakujua.

Mama, najua unaangalia njia kila asubuhi. Najua Papa mudogo amekwisha kusema neno lake: tangu kaka yake, baba yetu, alipozikwa, mujane hashiki jembe mpaka kilio kitolewe, na kilio hakitolewi mpaka mutoto wa kwanza alete jembe jipya amupe mama yake mukononi. Mutoto wa kwanza ni mimi. Na mvua imeshaanza. Wenzako wanapanda maharagi, wewe umekaa na kitambaa cheusi kichwani, unaangalia shamba likiota majani. Jambo hilo linaniuma kuliko jino. Basi acha nikueleze kwa nini sijafika, usije ukasema Masika ameshalewa mji.

Safari hii niliipanga tangu mbele ya Paska. Malori hayapiti tena tangu vita irudi, kwa hiyo ilibaki pikipiki. Nikamupata Kasereka, motari wa hapa kwetu anayebeba watu kwa pikipiki, mutu muzima mwenye bibi na watoto, mama yake anakaa Lubero kama wewe. Tukakaa kwenye kibaraza changu tukapanga njia kama watu wanaopanga arusi. Kufika Kibati ni mawe ya volkano, yanakula mipira, basi tubebe shambere za akiba za kutia ndani ya mipira. Kutoka pale mpaka Rutshuru ni matope, tutalala kwa shemeji yangu. Kesho yake mbuga, jua la tanuru, hakuna kusimama hata kwa kukojoa (Kambale, soma hiyo). Kisha kupanda Kanyabayonga ndani ya ukungu, kisha baridi ya kwetu na mvua ya mawe.

Kasereka akacheka: «Mama Neema, hii njia ni moja lakini iko na nchi ine ndani. Hapa utatoka jasho, kule utafika unatetemeka kama kuku amenyeshewa.»

Nikaingia kwenye mashini yangu ya kushona. Nikashona koti mbili za bashi, lile turubai, za kukinga mvua, moja yangu, moja yake. Nikashona na suruali ya kuvaa chini ya kikwembe changu cha kujifunga kiunoni. Hapo ndipo taabu ilianza, kwa sababu Mama Furaha aliiona. Huyu ndiye mukubwa wa chumba chetu cha maombi, sisi wamama tunaoomba pamoja. Ni mwema, mama, lakini anachosha.

«Mama Neema, mutumishi wa Mungu na suruali?»

«Mama Furaha, upepo wa mbuga haujui kama nimeokoka. Unataka kikwembe kipande mpaka kichwani?»

Akaenda zake, nikafikiri nimeshinda. Kumbe alikuwa anatafuta njia ingine ya kunisaidia. Jumamosi, Kasereka ameleta pikipiki imeoshwa, imefungwa muzigo, tuondoke kesho yake baada ya ibada. Mama Furaha akafika na wamama wote wa chumba, ngoma mbele. Ati safari ya vita haiendi bila kupakwa mafuta. Nikasema amina, nani atakataa maombi? Nikafumba macho. Mama, ningejua nisingefumba! Walipaka usukani, walipaka kiti, walipaka taa. Chupa ya mafuta ya mizeituni ikaisha, Mama Furaha akasema magurudumu ndiyo yanatembea, hayawezi kubaki bila baraka. Akatuma mutu jikoni kwangu alete mawese. Mawese, mama! Yale yangu ya kupikia majani ya sombe! Wakamimina magurudumu yote mawili, wakamimina mpaka ndani ya freni, huku wanaimba.

Kasereka alikuwa amesimama nje ya kiwanja kwa heshima, hakuona. Akapanda pikipiki aende kutia esansi kwenye tangi. Barabara ya kwetu inateremuka kidogo, wewe unaijua. Tukasikia tu: «Freni! Freni haishiki! Mujitoe!» Alikwenda kusimama ndani ya magunia ya makala ya jikoni ya mama mumoja muuzaji. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia, lakini Kasereka alitoka pale amekuwa mweusi tii, meno tu yanaonekana.

Yule mama wa makala akamuuliza: «Wewe, unakimbia nani?»

«Si mimi, mama. Pikipiki imeombewa.»

«Imejazwa Roho? Hiyo ni Roho gani isiyojua kusimama?»

Mtaa mzima ukacheka, mpaka leo wanacheka. Mimi sikucheka. Freni zililoa kabisa, na kwa pikipiki ya namna ile mutu hapati zingine sokoni siku moja. Na Mama Furaha hakuona kosa hata kidogo! «Shetani alitaka kumuua,» akasema, «lakini mafuta imemuzuia.» Nikaingia ndani nikafunga mulango, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa karibu kufanya dhambi.

Kasereka akahangaika kutafuta freni. Na siku zile zile ambazo tungekuwa njiani, vita ikashuka kwenye barabara. Watu wakaanza kuingia kutoka Kibati, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto hata viatu hawana. Kanisa letu limejaa wakimbizi, tunawapikia uji hapa kiwanjani. Siku freni mpya zimefungwa, mimi nimevaa suruali yangu, Kasereka akaja na kofia mukononi.

«Mama Neema, nimeuliza wenzangu waliopita. Daraja la mbugani limekatwa, wanabeba pikipiki kwa miti, watu wanapita majini. Motari peke yake, kwenye bariyeri za wenye bunduki wanamuachilia apite. Akiwa na mutu nyuma, huyo mutu wanamushusha. Niko na mama yangu mimi pia. Sitapeleka mama ya watu pale. Nitaenda peke yangu, unipe jembe na barua.»

Nilimukasirikia. Nilikasirikia wenye bunduki, nilikasirikia mawese, na Mungu mwenyewe nilimuambia maneno ambayo nimeshamuomba musamaha. Mama Furaha anasema: labda kama freni zingeshika, vita ingetukuta katikati ya mbuga. Linanichoma neno hilo, mama. Linanichoma zaidi kwa sababu labda ni kweli.

Sasa Kambale, hapa umuite Papa mudogo, asikie kwa masikio yake.

Papa mudogo, nakusalimu kwa heshima. Desturi sikatai, ni wewe umetufundisha. Inataka mukono wa mutoto wa kwanza, na mukono wangu umekataliwa njia. Basi nimefanya hivi. Jembe analobeba Kasereka, mupini wake nimeuchagua mimi, nimeukwangua mimi na kipande cha chupa, nimeushika katika maombi asubuhi na jioni mpaka umejua vidole vyangu. Mama Furaha alikuja na chupa yake, nikasimama mulangoni. Halikuanguka hata tone. Ukiona mupini unang'aa, ni jasho langu. Huo ndio mukono wangu, Papa. Simama mahali pangu, umupe mama. Maharagi hayangoji vita iishe.

Mama, unisalimie bibi ya Kambale anayekuchotea maji, na shangazi Katungu muimbaji wa kanisa, na muchungaji wetu muzee. Kasereka mumupe chakula na mahali pa kukauka. Na akitaka kurudi, mumuombee, lakini mumuombee kwa mbali.

Mama, toa kitambaa. Panda. Siku Mungu atanifungulia njia, sitaki kukukuta mulangoni unaningoja. Nikukute shambani, miguu imejaa udongo.

Ni mimi mutoto wako wa kwanza,
Masika, mama Neema