Kilo Ngapi, Papa Masika?

Goma, Katoyi
Jumapili, siku moja baada ya kuwaombea marehemu

Mpenzi wangu Papa Masika,

Jana watu wa mtaa wetu walibeba majembe na maua, wakaenda kusafisha makaburi ya watu wao. Mimi nilibaki nyumbani kama kila mwaka, kwa sababu wewe huna kaburi la kusafishwa. Nilifagia ua, nikaweka kiti chako karibu na mlango, kile ulichokaza mguu wake kwa waya. Halafu nikaona kwamba mwaka huu kufagia hakutoshi. Nina habari ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Masika wako ni piloti. Amepata kazi kwenye kampuni kubwa ya mizigo, ile ambayo ndege zake zinavuka bahari kama vile sisi tunavyovuka barabara. Nimeandika maneno hayo, nikaweka kalamu chini, nikayasoma tena. Bado yananishangaza.

Unakumbuka mchezo wenu? Ulikuwa ukirudi kutoka uwanja wa ndege, mgongo umechoka kwa kupakia tangu asubuhi, unga wa watu umekaa kwenye nyusi zako. Kabla hujanawa mikono, unanyanyua kitu chochote kilicho karibu: kuku, bidoni la maji, mdogo wake Masika. Unamwuliza Masika, "Kilo ngapi?"

"Tatu na nusu," anasema juu ya kuku.

"Mbili na nusu. Manyoya yanakudanganya, mutoto wangu. Shika tena."

Halafu inafika zamu yangu. Unaninyanyua mbele ya watoto, mimi napiga mabega yako kwa aibu, na wewe unatangaza, "Mama Masika, sitini na nne. Nyumba hii inakula muzuri." Watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Hata kule Mugunga, tulipokimbia vita na kulala chini ya turubai juu ya mawe yale meusi, uliendelea kunipima. Siku moja ulininyanyua, ukanishusha polepole, hukutaja namba. Jioni ulisukuma sahani yako ya maharage upande wangu, ukasema tumbo lako limejaa. Nilielewa kwamba namba ilikuwa mbaya.

Ulikuwa ukisema mizani ya chuma inaweza kuharibika lakini mikono ya mpakizi haidanganyi. Ndiyo maana siku ya mwisho imekaa ndani yangu jinsi ilivyokaa. Barabara zilikuwa zimefungwa na vita, miji ya ndani ilikuwa inaishi kwa ndege tu, na nyinyi wapakizi mlikuwa mnapanda juu ya magunia ili mkashushe mizigo huko inakofika. Mimi na Masika tulikuletea chakula kwenye uzio. Ulikula umesimama. Uliigeukia ndege, ukasema, "Leo imeshiba sana."

Masika alikuwa na miaka tisa. Akakuuliza kama mnavyoulizana nyumbani, "Kilo ngapi, papa?"

Wewe, ambaye hukuwahi kumnyima jibu, ulifuta mikono kwenye suruali. "Piloti amesema itainuka."

Iliinuka kweli. Tuliiona ikipita juu ya ziwa, ikageuka upande wa msitu. Haikufika, na mpaka leo hakuna anayejua ililala wapi.

Miaka mingi sikuweza kupita karibu na uwanja ule. Ndege ya mizigo ikipita chini juu ya mabati yetu, nilikuwa naacha kutwanga mpaka sauti iishe. Lakini mtoto hakuwa kama mimi. Alimaliza shule kwa masista, akapata kazi kwenye ofisi inayoandika uzito wa mizigo, kutoka hapo akapewa nafasi ya kusomea urubani ugenini. Aliendesha ndege ndogo za abiria kwa miaka nane katika nchi za watu. Hilo nililimeza. Nilijiambia: hizo zinabeba watu, na watu huhesabiwa.

Halafu akapiga simu. "Mama, wamenikubali. Nilikuwa kati ya watu wengi, wakanichukua. Kontra ya kazi iko mezani, lakini siweki sahihi bila baraka yako."

Unajua desturi ya nyumba yetu. Hakuna aliyetoka kwenda kwenye jambo kubwa bila kidole gumba cha mzazi kuchovya maji na kuandika msalaba kwenye paji lake. Hicho kilikuwa kidole chako, kipana, chenye kovu la kamba. Tangu uondoke ni changu.

Nikamwuliza, "Ndege ya nini?"

"Ya mizigo, mama."

Nilimpa simu jirani yangu Mama Furaha kana kwamba imeniunguza. Unamjua, yule wa upande wa Bukavu, mdomo wake haujapunguza hata kilo moja. Alisikiliza, akanigeukia. "Weye Mama Masika, batu banaomba batoto yabo bapate kazi, weye unafunga mulango? Ao unafikiri atabeba magunia kwa kichwa?"

Sikucheka. Nilichukua simu, nikamwambia mtoto, "Mizigo ilimchukua baba yako. Sitaweka kidole changu kwenye paji lako kwa ajili ya gunia."

Hakunijibu vibaya, wewe ulimlea. "Basi njoo uone, mama. Ukishaona ukisema hapana, nawarudishia karatasi yao."

Kwa hiyo nilisafiri, mimi ambaye nilikuwa nimezoea safari za kukimbia tu. Nilifunga jibini moja la Masisi kwenye kitambaa, nikapanda gari mpaka Bunagana. Yule wa forodha alipekua mfuko wangu, akaniuliza naenda kuuza nini Uganda.

"Siuzi. Naenda kuangalia ndege."

"Kwenu Goma hakuna ndege, mama?"

"Uwanja wetu umenyamaza tangu vita irudi," nikasema. Naye akafunga mfuko taratibu, akanipa mkono.

Papa Masika, kule Entebbe mtoto aliniombea ruhusa, nikasimama kwenye dirisha la ofisi ya mizigo. Sijui nikueleze vipi. Pua ya ile ndege ilifunguka kuelekea juu, kama kiboko anapopiga miayo, na ndani yake palikuwa peupe, parefu, pangeweza kulala mtaa wetu wote na mbuzi wao. Hakuna mtu aliyebeba kitu mgongoni. Mizigo ilikuwa imefungwa nyavu juu ya masinia makubwa ya chuma, kila sinia linapimwa, namba inaandikwa, karatasi inapelekwa mbele. Nilikutafuta kati ya wale wafanyakazi, nisamehe. Niliwaza ungesimama wapi, ungesema nini ukiona mizani iliyo kubwa kama nyumba.

Piloti alikuwa mzee mwenye mvi. Alisoma karatasi, akatembea mpaka kwenye sinia la mwisho, akalitazama, akatikisa kichwa: limezidi. Basi. Wakalitoa. Nilingoja mwenye mali aje kupiga kelele, au mkubwa fulani apige simu, kama ninavyojua mambo yanavyokwenda. Hakuja mtu. Sinia lilirudishwa ghalani, pua ikafungwa, na kile kitu kikubwa kuliko kanisa letu kikatembea polepole mpaka mwisho wa njia, kikakimbia, kikaacha ardhi. Kioo kilitetemeka chini ya vidole vyangu. Mara ya kwanza tangu uende niliangalia ndege ya mizigo mpaka ikapotea, na moyo wangu haukwenda kuitafuta msituni.

Masika alikuwa nyuma yangu. "Ndiyo ile kazi yangu, mama. Ile ya kutikisa kichwa. Kuruka, wengi wanaweza."

"Na ukitikisa wakakasirika?"

"Wakasirike. Mizigo itangoja kesho."

Niliomba maji. Alileta chupa, nikamimina kwenye kifuniko, nikachovya kidole. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno yako yote, yale marefu ya kumwita Mungu na babu zako wa Butembo, lakini yalinitoka matatu tu: "Enda na urudi." Nadhani yanatosha. Aliinama ili nimfikie. Amerefuka kukushinda.

Alipoinuka, bila kuniambia kitu, aliniweka mikono chini ya kwapa, akaninyanyua, mimi mama mzima, mbele ya wale watu wa ofisi. Nilimpiga mabega kwa aibu ileile.

Akanishusha. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Hamsini na moja, mama. Unapungua. Vita inakula chakula chako."

"Si ungeficha," nikamwambia. "Baba yako alikuwa akificha ikiwa mbaya."

"Najua. Nilimwuliza siku ile pale kwenye uzio." Alinipangusa maji ya baraka yaliyobaki mkononi. "Mimi nitasema namba kila siku."

Tulikula lile jibini kwa mkate, kisha akaweka sahihi. Nilimshikia karatasi isipeperuke.

Sasa nimerudi Katoyi. Uani kwangu wanalala watu wa Sake waliokimbia tena, na jioni nawapikia pamoja na wangu. Ninajitahidi kula, maana kuna mtu atakayenipima. Masika anasema njia zake nyingine zinapita juu ya msitu ule, juu sana, mahali ambapo miti inaonekana kama majani ya muhogo yaliyotwangwa kwa sombe. Hajui uko chini ya upi kati ya miti yote hiyo. Anasema kila akipita anataja uzito wa ndege yake kwa sauti, kilo zote, ili usikie.

Ukisikia namba hiyo, ujue ni yeye anakujibu. Na ukiwa umetulia huko uliko, utukumbuke.

Mke wako,
Mama Masika