Inavuta Kushoto

Jumanne, 3 Juni

Fremu imekataa. Wiki tatu nimeichomelea, leo imetoka nje kwa mara ya kwanza, na imekataa mbele ya mtaa mzima.

Mume wangu alijilaza kwenye kiti – baiskeli hii haikaliwi, inalaliwa – akanyoosha miguu mpaka kwenye pedeli zilizo kule mbele, juu ya gurudumu. Akakanyaga. Bomba la mbele likapinda kama mua mbichi, mnyororo ukaruka, na baiskeli ikakata kushoto ikamtia mtaroni. Mtaro mkavu, Mungu ni mwema. Mwenye duka akauliza kama tunatengeneza kitanda au machela. Watu wakacheka mpaka mbavu hawana.

Yeye hakucheka. Alisema tu, "Chuma chako laini, mke wangu." Nikamwinua.

Tangu adondoke kutoka ngazi ya tangi la maji mwaka jana, mgongo wake haukubali kukaa wima zaidi ya dakika kumi. Akiegemea nyuma, anapumua. Ndiyo maana nikafikiria baiskeli ya kulalia. Wazo langu, chuma changu, aibu yangu.

Jumatano, 4 Juni

Msimamizi wake wa ofisi ya maji amepita. Mtu mpole, miwani, daftari kwapani. Amesema nafasi ya kusoma mita imeshikiliwa mwaka mzima, sasa wakubwa wamechoka. Jumatatu tarehe kumi na sita, saa tatu asubuhi, atakuja mwenyewe. Mume wangu azunguke njia yake yote ya zamani, nyumba mia moja na arobaini, bila kusukumwa na mtu. Akiweza, kazi ni yake. Asipoweza, kuna mwingine anasubiri.

Msimamizi alipoondoka mume wangu akaomba wembe. Amejinyoa mwenyewe! Mara ya mwisho sikumbuki lini.

Siku kumi na mbili.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeacha kubahatisha. Marehemu baba, aliyenifundisha kazi hii, hakuwa na subira na fundi wa kukisia. Pima kwanza, alikuwa akifoka, kisha ndiyo uchafue mikono.

Nimeining'iniza fremu pua chini kwenye boriti ya karakana, ili mzigo uivute pedeli kama mguu unavyoisukuma. Nimefunga gurudumu na usukani visigeuke. Kwenye ncha ya bomba la mbele nimefunga msumari, ukwaruze bati lililopakwa chaki. Halafu mfuko wa mchanga, kilo arobaini, kwenye pedeli ya kulia. Mkwaruzo: milimita kumi na nne kwenda pembeni. Nikahamishia mfuko kushoto. Kumi na nne tena.

Sasa ninaona. Hii ni baiskeli inayovutwa na gurudumu la mbele. Pedeli, mnyororo, gurudumu na usukani, vyote viko pua moja na vinageuka pamoja. Na pua yote hiyo nimeipa bomba moja jembamba! Nguvu ya miguu inaishia kukunja chuma badala ya kuzungusha gurudumu. Nilikuwa nabana matumizi, nikabana pasipobanwa.

Jumamosi, 7 Juni

Kutwa nzima kwa muuza chuma chakavu. Nimepata bomba la inchi moja na nusu, safi, lilikuwa la kitanda cha hospitali. Nimekata lile la zamani nikaweka hili. Kipimo: milimita sita. Nikaongeza vipande vya pembetatu vya bati nene kwenye maungio. Tano.

Kisha nikakiona kiti. Kilishikwa kwa bolti nne, kisogee mbele na nyuma, na bolti zilikuwa zinacheza. Akisukuma, mgongo wake unarudi na kiti, nguvu inapotea. Nimezing'oa zote. Nimekichomelea kiti kwenye fremu moja kwa moja, kwa kipimo cha miguu yake – ile miguu mirefu ya korongo iliyoniponza nikaolewa. Mimi mwenyewe sasa nikilala hapo sizifikii pedeli. Baiskeli ya mtu mmoja. Nimejisikia fundi kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Amekwenda mpaka kona ya pili na kurudi. Mnyororo haukuruka hata mara moja. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

Lakini inavuta kushoto. Amerudi shati limelowa, viganja vimechubuka kwa kuushikilia usukani. Anasema bomba bado linapinda. Nikamwambia nimepima. Akasema mchanga si mtu. Nikamwambia basi chomelea wewe. Chakula tumekila kama watu wa msibani.

Jumatano, 11 Juni

Nimeongeza miega miwili, vyuma vya kuiegemeza pua. Inatoka kwenye pedeli, inashuka huku na huku mpaka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Pua yote sasa ni pembetatu, na pembetatu haikunjiki. Kuna mshono mmoja pale juu, miega inapokutana na bomba, umelala mwembamba na sawasawa mpaka nimemwita jirani aje autazame. Sijawahi kuchomelea vizuri hivyo.

Kulia milimita tatu. Kushoto milimita tatu.

Uzito umefika kilo ishirini na moja. Sijali.

Mume wangu amepanda. Inavuta kushoto! Safari hii hakufika hata kona ya kwanza. "Chuma bado kinacheza," akasema, bila kuniangalia.

Nimepaka mafuta ya taa kwenye kila mshono, nikafuta, nikapaka chaki, nikangoja nione kama kuna ufa utakaojichora. Hakuna. Nimeweka timazi kati ya magurudumu. Yamenyooka. Nimekaa nyuma ya rundo la chakavu nikalia kama mtoto. Miaka kumi na tisa ya kazi, na kitu hiki kimoja kinanishinda. Kitu ninachokitaka kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Alhamisi, 12 Juni

Sina la kuandika. Nimebadilisha beringi za usukani. Inavuta kushoto.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji amekuja, mdogo wake mume wangu, dereva wa lori. Ametoka safari ya wiki mbili na mdomo wake ule ule. "Shemeji, hiki kitanda kinakwenda wapi bila godoro?" Nikamwambia kama una maneno, panda.

Akapanda! Mimi nilikuwa nimesahau jambo moja la wazi: hawa ndugu ni kama shilingi kwa ya pili, miguu ile ile. Akazifikia pedeli bila kunyoosha kidole.

Nilikuwa nimechora mstari wa chaki barabarani, kutoka mlango wa karakana hadi nguzo ya umeme, nione inakata wapi. Shemeji akayumba mara mbili, akacheka, akashika mwendo. Gurudumu likaula ule mstari wote, mwanzo hadi mwisho. Akageuka kwenye nguzo akarudi juu yake vile vile. Karibu na mlango akaachia mkono mmoja kunipungia.

"Mbona iko sawa?" akauliza. "Si mlisema inavuta?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Alikuwa ameona yote. Akasema, "Wewe mwepesi. Uzito wako haukifikii chuma."

Shemeji ana kitambi. Anamzidi kaka yake kilo kumi na zaidi.

Nimerudi ndani nikashika koleo, nikalirudisha, nikalishika tena. Pua inageuka na pedeli. Mguu wa kulia ukisukuma, unaigeuza pua kushoto. Mguu wa kushoto ukisukuma, unairudisha. Ndivyo baiskeli hii inavyokwenda, mguu mmoja unamjibu mwenzake. Kwa mume wangu kulia kunasema, kushoto hakujibu.

Wiki nzima nimekipiga chuma msasa, nimekipima, nimekitukana. Na mimi ndiye niliyekichomelea kiti, asiweze kupanda mwingine. Ningeacha zile bolti nne, ningepanda mwenyewe Jumatatu iliyopita. Ningejua Jumatatu.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nimeangalia viatu vyake. Cha kulia kizima. Cha kushoto kimelika ncha mpaka uzi unaonekana. Mguu unaburuzwa. Mke gani haoni hilo? Mke anayetazama fremu.

Nimemuuliza tangu lini. Kwanza akasema amechoka tu. Nikakaa kitandani, sikuondoka. Akasema, kama wiki tatu. Ganzi ilianzia kwenye vidole, sasa iko kwenye goti.

Daktari alituambia sote wawili, tumekaa mbele yake, akarudia mara mbili: mguu ukianza kulegea, siku hiyo hiyo mrudi. Msingoje kesho. Kuna kinachobana uti wa mgongo, na ukichelewa mguu haurudi.

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, "Kifo hakijaja. Anayekuja kesho ni msimamizi."

Nikamwambia tuite gari sasa hivi. Akanishika kifundo cha mkono. Mkono bado una nguvu. Akasema akirudi hospitali watamlaza miezi, na nafasi imekwenda. "Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kugeuzwa kitandani. Nipe siku moja niwe mtu wa kazi. Kesho jioni twende, naapa." Halafu akasema la pili, polepole, kama mtu aliyelifikiria siku nyingi. Kesho akishindwa, niseme ni fremu. Msimamizi ataongeza wiki. Mafundi hukosea, nani hajui?

Wiki! Kwa mguu ambao hauna hata siku.

Nilipaswa kutoka nje kutafuta gari. Sikutoka. Nimekubali kesho asubuhi, na hilo la pili sikulikubali wala kulikataa. Ninaliandika hapa ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba sikujua.

Nina hasira naye mpaka meno yanauma. Na nimempigia pasi shati la kazi.

Jumatatu, 16 Juni

Saa tatu na nusu. Naandika nimesimama, kwenye meza ya vipimo.

Msimamizi alifika saa tatu kamili. Mume wangu alishatangulia kwenye kiti, kofia ya ofisi kichwani, mfuko wa fomu kifuani. Nilimfunga mguu wa kushoto kwenye pedeli kwa mkanda, aliniomba mwenyewe.

Amesoma mita saba. Nilihesabu nikiwa mlangoni. Kwenye ya nane kuna kamlima kadogo, watoto wanakapanda wakikimbia. Alikanyaga, pua ikaenda kushoto, akairudisha kwa mikono. Ikaenda tena. Alishindana nayo hatua kumi hivi, shingo imesimama mishipa, kisha ukuta wa jirani ukampokea. Msimamizi ndiye aliyemfungua mkanda. Wamerudi taratibu, msimamizi anaburuta baiskeli, mume wangu amemshika bega.

Amekaa chini hapo nje, mgongo ukutani. Ameuinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, kama anahamisha mzigo, akaunyoosha mbele yake. Msimamizi ameliona hilo, au hakuliona, miwani yake inang'aa sikuweza kujua.

Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye fundi. Niambie ukweli. Ni chuma hiki, au ni yeye? Kama ni chuma naweza kumwombea wiki moja. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Mume wangu alikuwa ananiangalia. Hajaniangalia hivyo tangu siku aliyonichumbia, na siku ile pia alikuwa anaogopa.

Nikasema ngoja nichukue karatasi ya vipimo.

Karatasi haikupotea. Iko hapa chini ya kiwiko changu, tatu kulia, tatu kushoto. Ninaandika ili mikono iwe na kazi. Kwenye kona ya meza iko simu, na namba ya dereva wa gari la kukodi nimeshaipiga. Nimemwambia aje, sikumwambia tunakwenda wapi.

Dirishani ninawaona. Mume wangu anamwonyesha msimamizi kasoro ilipo. Ameweka kidole pale juu, miega inapokutana na bomba, kwenye mshono wangu ule. Anausugua kwa ukucha, anatikisa kichwa. Msimamizi amevua miwani, ameinama kuutazama. Ananiita.