Swali la Shifa

Kibokoni, Mombasa

Ndugu yangu Faraj,

Salamu nyingi, na huko Maskati Mungu akuhifadhi. Sisi tu wazima, na mwanao Shifa amerefuka hata ananipita.

Mama alianguka ngazini. Hatukukupigia simu kwa kuwa hakuvunjika, usikasirike. Tulikutana hapa nyumbani, na kaka Zaid akaamua kumhamishia kwake Ganjoni, kwenye fleti yenye lifti. Sote tukaitikia.

Shifa, aliyekuwa akitumiminia kahawa, akauliza, “Ami Zaid, nyanya mumemuuliza?”

Nikadhani Zaid atamkemea. Akaweka finjani chini. “Hatukumuuliza. Wewe waonaje, mwanangu?”

“Nyanya aogopa ngazi, haogopi nyumba. Kwani hawezi kulala hapa chini?”

Zaid akapanda juu kumuuliza Mama mwenyewe. Mama akalia. “Nalidhani mushanizika,” akamwambia.

Sasa analala sebuleni, karibu na dirisha, na kila apitaye humsalimu. Hata uso umemnawiri.

Jana fundi alipouliza choo cha Mama kijengwe upande gani, Zaid alimjibu, “Ngoja Shifa atoke skuli.”

Dadako akukumbukaye,
Mwanakhamis