Kumutafuta Kambale Chini ya Mawe ya Ziwa

Siku ya pili ya juma, tarehe 6

Niko na miaka sabini na moja. Nimepita volkano mara mbili, kolera, vita ambazo hata majina yake nimesahau, na daktari aliyenikataza maji ya baridi. Yule daktari ametangulia. Leo tena nimeshuka toka kwetu Majengo mupaka ziwani, nikafunga jiwe kwa mukaba wa kiuno linizamishe, nikaingia. Mutumbu ya watu waliokimbia vita ilipinduka siku ya Mungu, Jumapili, karibu kabisa na mawe, watu wa inchi kavu wakiona. Wengine wote wametolewa, wazima ao wafu. Amebaki mutoto yangu Kambale. Nitamutoa mimi. Toka ujana ni mimi natoa nyavu za watu zikikamatwa chini. Hakuna mwingine Goma nzima.

Siku ya tatu, tarehe 7

Maji juu ya mawe si marefu, kama nyumba tu. Ni pale lava iliingilia ziwani. Naona kila kitu. Sandale ya mwanamuke. Sufuria. Godoro. Kambale hapana. Mama Zawadi, anayeuza samaki ndogo za sambaza kando ya maji, amenipigia kelele: "Papa, toka! Utatuletea matanga mbili!" Nimemwambia aangalie samaki zake.

Siku ya ine, tarehe 8

Watu wanalala kwetu, inje, chini ya maturubai ya shitingi. Kilio haiwezi kuisha bila kuzika. Shemeji Mumbere, kaka ya bibi yangu, amesema mbele ya wote tukate mugomba, tuuzike pahali pa mutu, kama wazee walivyofanya kwa waliopotea. Nimekataa. Mugomba ni wa mutu ambaye hakuna anayejua alipo. Mimi najua. Akacheka: "Muzee, sasa hata samaki wanakuita kwa jina." Watu wakacheka naye. Kwa matanga ya mutoto yangu. Namuchukia.

Siku ya tano, tarehe 9

Mvua. Mabombe yanalia upande wa milima. Nimeingia tena na tena. Sikio la kushoto limetoa damu. Sikuambia mutu.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 10

Leo nimefika pale mawe yanaishia. Yanakatika kama ukuta. Kule chini ni weusi tu. Pale kwenye ukingo koti ya Kambale imekamatwa kwa jiwe. Vifungo vimefunguliwa vyote. Aliivua ili aogelee. Alijaribu. Nimebaki kuiangalia mupaka pumzi ikaisha. Hii ziwa hairudishi mutu anayeanguka kule. Kila muvuvi anajua. Na mimi nilijua toka siku ya kwanza.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Sikuingia. Nimechukua panga, nikaenda mwenyewe kwa migomba nyuma ya nyumba. Mumbere akanifuata. Akauliza tukate urefu gani. Nikasimama kando ya mugomba, nikaweka mukono juu ya kichwa changu, kisha nikaongeza kiganja kimoja. Kambale alinipita. Mumbere hakucheka. Alishika mugomba, mimi nikakata. Tukaufunga kwa kikwembe, nguo ya mama ya Kambale, tukauzika mbele saa sita ya muchana haijafika. Watu wamerudi kwao.

Walioona: shemeji Mumbere, Mama Zawadi wa sambaza, na katekista aliyetuombea. Mutu akisema sikumutafuta mutoto yangu, aulize hao.