Habu ya Baba Mdogo

Jumamosi. Ukungu tangu asubuhi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Jioni, nikiwa nasoma dirishani, huwa naisikia baiskeli ya baba mdogo ikishuka njiani. Ti-ti-ti-ti, ule mlio wa frihwili mtu anapoacha kukanyaga pedali. Baiskeli yenyewe ilikuwa haina hata magurudumu. Mpaka leo ilikuwa kwa fundi kule Iyunga, tangu masika, baba mdogo alipoanguka na kufa kwenye mteremko wa barabara ya Chunya. Ringi zilikuwa zimelowa, breki hazikushika.

Siku ya kumaliza matanga wazee walinirithisha jina lake pamoja na baiskeli. Tangu hapo nyumbani naitwa Ambakisye. Shuleni tu ndiko nimebaki Yona.

Jina sikuliomba. Baiskeli niliitaka, siwezi kukataa.

Siku hizi nala kwa mama mdogo, mjane wake, ili asile peke yake. Jana alikuwa anabandika maji ya ugali, mara akageuza kichwa kutazama njiani. Na mimi nilikuwa nimeisikia. Akaongeza maji kwenye sufuria, ya mtu wa tatu.

Baadaye akasema, "Habu yake usiibadilishe, baba." Habu ni kile kitovu cha gurudumu, na ya nyuma ndiyo inayobeba frihwili.

Leo ringi zimefika kwa basi kutoka Iringa, nikashuka kwa fundi kuchagua vitu vya kusukia magurudumu. Nilichagua ringi za chuma, nzito, na spoku nene, maana nitakuwa nabeba viazi vya mama mdogo kwenda sokoni. Hapo sikupata shida. Ikabaki habu ya nyuma.

Fundi aliweka mbili juu ya gunia. Moja ya baba mdogo, imeoshwa kwa mafuta ya taa, haina hata ufa. Nyingine imetumika kidogo, breki yake iko ndani. Ukikanyaga pedali kinyume inashika, mvua inyeshe isinyeshe. Haina mlio kabisa.

"Chukua uliyoizoea, Ambakisye," fundi akasema.

"Sijawahi kuiendesha," nikamjibu.

Akacheka. "Haya. Ila hii nyingine haitoi sauti. Hiyo ni baiskeli ya mwizi."

Nilizishika zote mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Nikamfikiria mama mdogo. Nikaufikiria na ule mteremko, ambao sasa ni wangu kila siku ya soko.

"Weka ya mwizi," nikasema. Fundi hakutania tena, akachukua spoku akaanza kusuka.

Naogopa. Si mzimu ninaouogopa sana. Naogopa siku moja nisikie ule mlio na ukute ni mimi.

Alasiri niliisukuma baiskeli kupanda mlima. Nyumbani nilipita bila kusimama, nikaenda mpaka kwenye kona aliyoangukia baba mdogo. Barabara ilikuwa imelowa. Nikapanda, nikaiachia. Nilipokanyaga kinyume, gurudumu lilishika. Nikaachia, nikakanyaga tena. Njia nzima nilisikia upepo tu.

Mama mdogo alikuwa jikoni, mgongo mlangoni. Nilifika mpaka kizingitini na hakugeuka.

"Hodi," nikasema.

Akashtuka. "Nani?"

"Yona."

Alinitazama mimi, kisha baiskeli, kisha mimi tena. Nikatoa ile habu ya zamani mfukoni, nimeifunga kwenye kitambaa, nikampa. Akaifungua. Akaizungusha frihwili kwa kidole. Ti-ti-ti-ti. Akaiweka juu ya kichanja, karibu na chumvi.

"Karibu, Yona," akasema. "Nawa mikono."

Kwenye sufuria ugali ulikuwa mwingi kuliko sisi wawili. Nilinawa, nikakaa. Nikala wa kwangu, kisha nikala na ule uliobaki.