Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Jiko Lako la Nje

Kwako mama mkwe wangu,

Huku Kumsenga tu wazima, isipokuwa mwanao amenipa mtihani. Jumamosi anataka kubomoa jiko lako la nje ajenge banda la mashine ya kukoboa, maana umeme umeshafika hadi kwetu. Anasema jiko ni la wanawake, nikisema libaki litabaki. Nimeona nizungumze na wewe kabla sijamjibu.

Nilipoolewa nilitoka Kasulu mjini, kwenye mkaa na majirani wanaofunga milango. Kupanga kuni sikujua. Ulinitazama nikipuliza hadi machozi yakanitoka, ndipo ukasema, "Mkamwana, umejaza mno. Toa hilo gogo." Nikalitoa, moto ukawaka. Siku ile sikukupenda hata kidogo.

Asubuhi wanawake walikuja na vigae vya chungu kuomba kaa la moto. Viberiti walikuwa navyo, vimefungwa kwenye pindo la kitenge, nami niliviona. Walichofuata ni mazungumzo: nani amejifungua, nani amevuka mpaka pale Mabamba kwenda kuzika ng'ambo. Ilinichukua muda kuelewa.

Halafu wakaja vijana wa kupima njia ya nguzo. Mmoja wao, anayejua Kiha, akakuuliza kama unataka umulilo. Kwa Kiha moto huitwa hivyo, na umeme nao watu wameupa jina hilo hilo. Ukamjibu, "Umulilo tunao, mwanangu, tangu kwa mama yangu. Lete kigae nikugawie." Wakacheka, wakaondoka wakidhani hatuhitaji, na nguzo zikapita ng'ambo ya barabara. Tukabaki na kitaa cha sola, tukitazama nyumba ya jirani inavyong'aa. Mwanao alinuna wiki nzima. Wewe ulishikilia kwamba waliouliza vibaya ni wao.

Sasa umeme upo. Kibatari sijui hata kiko wapi. Chai napika kwa gesi, simu tunachaji ndani. Lakini maharage bado yanachemkia kwako nje, kwa sababu ukiyapika kwa gesi mtungi hauchelewi kuisha. Nilidhani kipya kikiingia cha zamani kinatoka. Kumbe vinakaa pamoja kama wake wenza, kila kimoja na zamu yake. Kuni ndizo zimekwenda mbali, kwani pori la karibu limeshakuwa mashamba.

Na wale wanawake hawaji tena. Kila mmoja anawasha lake nyumbani kwake, wakipita barabarani wananipungia mkono, basi. Linaniuma kuliko nilivyotarajia, mimi niliyekuwa wa kwanza kulalamikia moshi. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kumwambia mwanao aliache jiko. Nilitaka pabaki mahali pa kukaa na mtu, na pa kukukumbuka.

Juzi jioni nilikuwa nafua, nikasikia kikohozi jikoni. Kikohozi chako kile kikavu, kinachoanza kidogo kisha kinakataa kwisha, ulichoendelea nacho hadi tukakupeleka hospitali na hukurudi. Mdomo wangu ukaitika wenyewe, "Abee, mama!"

Aliyetoka ni mjukuu wako Eliza, ambaye siku hizi ndiye anayeangalia maharage akirudi shule. Macho mekundu, mkono kifuani.

"Sijakuita, mama," akasema.

Niliingia nikamwaga maji kwenye moto, maharage yakiwa hayajaiva. Tulikula ugali na dagaa.

Wanawake nitawafuata mwenyewe majumbani kwao, hata kama sina cha kuomba. Mwanao nimeshamwambia asingoje Jumamosi.

Pumzika, mama.

Mkamwana wako,
Mama Eliza